Kufuta tatuu kwa leza kwenye ngozi zetu hizi: tuulizane hapa kabla hamjatoa hela

DadaWaMiwani (mwenye uzi)

Habari za leo wakuu.

Nafanya kazi kliniki ya ngozi hapa Dar, upande wa leza. Kliniki siitaji, na ukinifuata inboksi kutaka punguzo sitakujibu, sijaja kutangaza biashara. Nimefungua uzi kwa sababu kila yanapotoka matangazo ya ajira za polisi au uhamiaji, simu yetu hailali. Tangazo linasema mwombaji asiwe na michoro mwilini, maombi yanafungwa baada ya wiki mbili, na kijana wa watu ana simba kifua kizima. Anauliza: "Dada, mkinipiga leo na kesho, Ijumaa itakuwa imetoka?"

Haitatoka. Si Ijumaa hii wala Ijumaa ya mwezi ujao, hata ukiuza kiwanja cha Chanika.

Nieleze kwa nini, maana ukilielewa hili mengine yatakuwa mepesi. Sindano ya tatuu haiachi wino juu ya ngozi. Ngozi ya juu inajivua kila mara. Wino ungekaa pale ungeshaisha baada ya mwezi na kitu. Unawekwa chini yake, kwenye tabaka la ndani lenye mishipa ya damu. Mwili unauona ni mvamizi, unatuma seli za ulinzi, makrofaji, kwenda kuumeza. Tatizo vipande vya wino ni vikubwa. Seli inavimeza lakini haiwezi kuvisaga wala kuondoka navyo, inabaki imekaa navyo hapohapo. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwa panya kwamba seli hiyo ikifa inauachia wino, na seli nyingine inakuja kuumeza upya. Ndiyo maana jina la mtu mliyeachana miaka kumi iliyopita bado linasomeka.

Kazi ya leza ni moja tu, kuvipasua vile vipande viwe vidogo kiasi cha kubebeka. Kubeba ni kazi ya mwili wako, kidogo kidogo, kupitia mishipa ya limfu. Mashine inapasua, mwili unafuta, na mwili hauhongeki. Kwa hiyo kati ya awamu na awamu tunasubiri wiki 6 hadi 8, na kwa ngozi nyeusi mimi napendelea 8 hadi 12. Anayekuambia urudi baada ya wiki moja anakula hela yako na anaunguza ngozi ambayo haijapona.

Ulizeni. Nikitoka zamu nitajibu.

mtoto_wa_Keko

Naweka kambi hapa. Swali la kwanza la kiume: inauma?

DadaWaMiwani

Inauma. Tena wengi wanasema inauma kuliko kuchorwa, ila ni ya muda mfupi. Tatuu ya ukubwa wa kiganja inapigwa kwa dakika chache tu. Ushawahi kukaanga maandazi mafuta yakakurukia mkononi? Ndivyo ilivyo, tone baada ya tone, bila kupumzika, na mashine inalia tak tak tak.

Kuna krimu ya ganzi, ya lignokeini. Inapakwa, inafunikwa na plastiki, unakaa karibu saa nzima. Lakini usije umejipaka mwenyewe mgongo mzima nyumbani ili "uwahi". Ganzi inayopakwa eneo kubwa na kufunikwa inaingia kwenye damu, na ikizidi inaweza kuleta degedege na kuvuruga mapigo ya moyo. Tatuu kubwa inagawanywa vipande, leo bega, siku nyingine kifua.

Leza ikigusa tu utaona mchoro umegeuka mweupe papo hapo. Wateja hupiga kelele za furaha wakidhani imefutika! Huo weupe ni mvuke na gesi iliyonaswa ndani ya ngozi, unatoweka baada ya dakika 20 au nusu saa, na wino wako unarudi unakutazama.

Bwana Mdogo Sinza

Dada hapo kwenye hela ndio mnatuumiza. Huku mtaani kuna saluni ina mashine moja inatoa nywele, inatoa chunusi, inatoa tatuu, na bei ni ya kutupa. Nyie wa kliniki mnatisha watu ili mpate wateja.

DadaWaMiwani

Mdogo wangu, hiyo mashine moja ya kila kitu ndiyo inayotuletea wagonjwa.

Mashine ya kuondoa nywele imetengenezwa itafute rangi nyeusi iliyo kwenye shina la nywele na kulipasha joto polepole. Kwenye ngozi yenye tatuu inakutana na wino mweusi mwingi umelala pamoja, inaupasha wote, na joto linasambaa kwenye nyama ya pembeni. Matokeo ni kuungua, si kufutika. Zile za taa zinazomulika eneo zima kwa mpigo mmoja ndizo mbaya zaidi. Hazifai tatuu kabisa, ya mzungu wala ya mweusi.

Muulize mwenye saluni swali moja: "Mashine yako ina Nd:YAG ya nanomita 1064, ya mpigo wa nanosekunde?" Nd:YAG ni aina ya leza, na 1064 ni urefu wa wimbi la mwanga wake. Akianza kuzungukazunguka, kunywa soda yako uondoke.

Mlimani_Optiki

Niongezee hapo kidogo, maana mwanga ndio mkate wangu.

Leza ya kwanza, ya rubi, iliwashwa na Theodore Maiman kule Marekani mwaka 1960. Haikuchukua hata miaka kumi, daktari wa ngozi Leon Goldman wa Cincinnati alikuwa ameshaielekeza kwenye tatuu. Kilichochelewa ni nadharia. Mwaka 1983 Anderson na Parrish waliandika kwamba ukichagua mwanga unaonyonywa na kitu unachokilenga, kisha ukaupiga kwa muda mfupi kuliko ule ambao kitu hicho kinahitaji kupoa, joto halipati nafasi ya kutoka nje ya kitu hicho. Unakipasua chenyewe, jirani anabaki salama.

Sasa kipande cha wino ni kidogo mno, kinapoa upesi ajabu. Kwa hiyo mpigo unatakiwa uwe wa nanosekunde, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde, au pikosekunde, ambayo ni ndogo mara 1,000 zaidi ya hapo. Mashine za nywele zinapiga kwa milisekunde. Milisekunde ni nanosekunde milioni moja! Kwa kipande cha wino huo ni mwaka mzima juu ya jiko.

Na kuhusu 1064: melanini, ile rangi inayotufanya tuwe weusi, inanyonya sana mwanga wa mawimbi mafupi, na kadiri wimbi linavyorefuka inanyonya kidogo. Leza ya 532, 694 au 755 ikifika kwenye ngozi ya Msukuma inakutana kwanza na melanini yake, inamwaga joto pale juu kabla haijauona wino. Ya 1064 inapita kwa amani zaidi na inazama zaidi. Kwa bahati nzuri wino mweusi unanyonya karibu kila aina ya mwanga, 1064 ikiwemo.

mtoto_wa_Keko

Kwa hiyo weusi wetu unakula leza kabla ya tatuu. Duh. Hata hapa tunabaguliwa.

DadaWaMiwani

Hahaha. Asante Mlimani, umenipunguzia kazi.

Wataalamu wa ngozi wanatumia kipimo cha Fitzpatrick, cha daktari wa Harvard aliyekianzisha mwaka 1975: ngozi ya aina ya 1 inaungua jua bila kubadilika rangi, ya 6 ndiyo nyeusi kabisa. Sisi wengi ni 5 na 6. Mikanda mingi mnayoiona mtandaoni, mtu anafutwa kwa nguvu kubwa na baada ya miezi michache yuko safi, ni ngozi ya 1 au 2. Ukimwambia mtu wa kliniki "nipandishie kama yule", unaomba kuungua.

Fundi Wino K'ndoni

Mimi ni mchoraji, miaka mingi kwenye hii kazi. Mnaongea kama vile tatuu zote ni nyeusi. Na watu wa rangi je? Nina wateja wana waridi jekundu na majani ya kijani wanataka kufuta. Pia mnasahau njia nyingine, kuchora juu yake. Mtu alipie awamu kumi za nini wakati mimi namfunika kwa siku moja?

DadaWaMiwani

Swali zuri kaka, na la kufunika uko sahihi zaidi ya unavyodhani.

Rangi kwanza. Nyekundu inasikia 532. Kijani na buluu ya mbingu zinasikia 694 na 755. Njano na nyeupe ni wakaidi karibu kwa kila mashine. Sasa rudini kwa Mlimani: 532, 694 na 755 ndizo zilezile ambazo melanini yetu inazipenda. Kwa mtu mweusi mwenye jani la kijani ninaweza kupiga kwa nguvu ndogo sana na kwa tahadhari, na mara nyingine namwambia ukweli kwamba jani litabaki kivuli. PicoSure, mashine ya leza ya pikosekunde, iliporuhusiwa Marekani mwishoni mwa 2012 watu waliipigia vigelegele, na kwa kijani na buluu ilistahili, lakini ilianza na 755. Jina la mashine lisikupumbaze, uliza namba.

Kufunika sasa. Huhitaji kufuta yote ili ufunike. Awamu mbili tatu zinafifisha mchoro wa zamani vya kutosha, kisha fundi kama wewe anapata nafasi ya kuchora kitu kizuri, si lile dude jeusi la kuziba makosa. Kwa asiye na tatizo la ajira hiyo ndiyo njia ninayoipenda. Ila subirini ngozi ipone kabisa, miezi si wiki, kabla sindano haijarudi.

Tena kaka, nikuombe kitu: mteja akisema ile sehemu nyekundu inamuwasha na imevimba miaka yote, usimpeleke kwenye leza moja kwa moja. Huo unaweza kuwa mzio wa wino. Ukiupasua unausambaza mwilini na anaweza kupata mzio wa mwili mzima. Aanze kwa daktari wa ngozi.

Fundi Wino K'ndoni

Hiyo ya mzio nimewahi kuiona, sehemu nyekundu peke yake imevimba, nyeusi iko shwari. Sikujua kama leza inaweza kuichochea. Nimechukua.

binti_wa_Mbagala

Mimi yangu si tatuu ya mwili, ni nyusi. Nilichorwa za kudumu, mwanzo zilikuwa kahawia nzuri, sasa zimekuwa kama zina wekundu na moja iko juu kuliko nyingine. Picha za harusi ya dada zinakuja. Leza itazitoa?

DadaWaMiwani

Mdogo wangu, kwenye nyusi ndipo ninapokuwa mkali kuliko kote.

Rangi za nyusi na za midomo mara nyingi zina oksidi ya chuma, na zile za kahawia hafifu, waridi na rangi ya ngozi huchanganywa na titani dioksidi, ambayo ni nyeupe. Leza ikizigusa zinaweza kugeuka kikemia palepale na kuwa nyeusi au kijivu. Unaingia na nyusi za kahawia, unatoka na nyusi za makaa. Mara nyingi weusi huo unaweza kuondolewa kwa awamu nyingine, lakini si mara zote, na si kabla ya harusi ya dada!

Kwa hiyo jaribio la nukta ndogo ni lazima, sehemu iliyojificha mwishoni mwa nyusi, kisha unasubiri wiki kadhaa uone. Akikataa kukufanyia jaribio, ondoka. Cha pili, macho. Ile miwani ya kawaida ya mteja haitoshi kwa nyusi, unatakiwa uvalishwe vikinga macho vya chuma. Leza hizi zinaweza kupofusha kwa mpigo mmoja, na 1064 huioni hata ikiwaka. Nywele za nyusi nazo zinaweza kuwa nyeupe au kudondoka kwa muda.

Kwa picha za harusi, penseli na mtu wa mapambo anayejua kazi.

binti_wa_Mbagala

Daah. Bora nimeuliza. Na zile za piko je, tulizochorwa kwenye singo? Rafiki yangu mkono umevimba na malengelenge juu ya maua.

DadaWaMiwani

Piko haihusiani na leza, iko juu ya ngozi, inaondoka yenyewe. Lakini malengelenge hayo ni mzio wa dawa ya nywele iliyomo. Aende hospitali, na asipake tena piko wala dawa nyeusi ya nywele, mara ya pili huwa kali zaidi.

Mzee wa Newala

Vijana salaam. Nimesoma nikacheka. Sisi kwetu akina bibi walichanjwa nembo usoni, wakapakwa masizi, na hakuna aliyetafuta wa kumfuta, ulikuwa uzuri huo. Mjukuu wangu hapa Temeke yeye alijiandika jina mkononi kwa utomvu wa ganda la korosho akiwa shuleni, mchezo wa watoto wa huku kwetu. Anataka jeshi. Naye apelekwe kwenye leza?

DadaWaMiwani

Shikamoo mzee.

Masizi ya bibi ni kaboni, sawa na wino mweusi wa leo, leza ingeyaona. Lakini pale pana na chale, ngozi imekatwa na kupona, na leza ya wino haiondoi kovu. Ukifuta weusi, mistari inabaki.

Ya mjukuu ni tofauti kabisa. Utomvu wa ganda la korosho unaunguza. Hakuna wino ndani, kuna ngozi iliyoungua ikapona nyeusi au ikavimba. Leza ya tatuu haina cha kupasua pale. Apelekwe kwa daktari wa ngozi, Muhimbili wapo, aangaliwe kama ni kovu la juu linaloweza kutibiwa au la kuvumiliwa. Kuna watu wanaweza kumlipisha mjukuu wako awamu baada ya awamu kufuta wino ambao haupo, ndiyo maana nalisema hili kwa sauti.

Mzee wa Newala

Marahaba. Nimekuelewa vizuri, na Mungu akubariki. Nitamwambia baba yake.

Kobe_wa_Kigamboni

Naomba niseme la kwangu. Mdogo wangu wa kike alifanyiwa mahali fulani mjini, siku ya kwanza tu wakapandisha nguvu kwa sababu alisema ana haraka. Malengelenge makubwa, akayapasua mwenyewe, akaendelea na kazi ya jua kali. Leo tatuu bado inaonekana, halafu pamezungukwa na ngozi nyeupe yenye umbo lilelile la kipepeo. Yaani sasa ana vipepeo viwili. Ule weupe unarudi?

DadaWaMiwani

Pole sana kwake.

Lengelenge peke yake si ajali, linatokea hata kazi ikifanywa vizuri. Kubwa sana, la siku ya kwanza, kwenye ngozi nyeusi, hapo nguvu ilizidi. Tunaanza chini na kupanda taratibu, maana awamu za mwanzo ndizo wino ni mwingi na joto ni kali.

Weupe unatokea pale seli zinazotengeneza melanini zinapojeruhiwa. Zikiwa zimezimia tu, rangi inarudi taratibu kwa miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Zikiwa zimekufa, unabaki. Kinyume chake pia hutokea, eneo linakuwa jeusi kuliko mwili, na hilo huwa linafifia ukilikinga na jua. Asirudi kwenye leza yoyote mpaka daktari wa ngozi amwone. Na asijaribu kusawazisha kwa mkorogo, nakuomba kaka umwambie hilo.

Maana hili la mkorogo ni janga la peke yake. Mtu anakuja amejichubua kwa hidrokwinoni au krimu ya zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku, ngozi imekuwa nyembamba na ina hasira, na hasemi. Nikipiga pale siwezi kujua ngozi itajibu nini. Semeni tu, hatuwacheki. Semeni pia kama mnatumia doksisaiklini au dawa za chunusi za kumeza, kama una mimba au unanyonyesha (tunaahirisha), kama ukikatwa na wembe tu unaota kovu lililovimba. Mwenye historia ya makovu hayo, hasa kifuani na mabegani, mimi huwa namshauri aachane na mpango, na ikibidi basi jaribio dogo na miezi ya kusubiri. Kubadilishana jina la mpenzi na kovu nene kama kidole gumba sioni faida yake.

mtoto_wa_Keko

Kuna jamaa pale Kariakoo anauza dawa ya kupaka, anasema siku tatu tatuu inabanduka yote. Elfu kumi tu. Bado sijanunua, nasubiri jibu lako.

DadaWaMiwani

Inabanduka kweli. Na ngozi yako inabanduka nayo. Hizo nyingi ni asidi. Wengine wanatumia maji ya betri, jiki, chumvi na jiwe, hata pasi ya moto. Wino uko chini. Ili asidi iufikie lazima iitafune ngozi yote ya juu kwanza. Unapata kidonda, kisha kovu, na wino uliobaki umenaswa ndani ya kovu ambapo hata leza inapata shida. Elfu kumi kula chipsi mayai.

Kobe_wa_Kigamboni

Basi tupe na ya kujitunza baada ya kupigwa, kwa hali ya hewa yetu hii.

DadaWaMiwani

Hapa Dar adui ni watatu: jua, jasho na msuguano.

Siku hiyohiyo patapata moto na kuvimba, weka kitambaa cha baridi, usiweke barafu moja kwa moja. Lengelenge likitoka usilipasue, ile ngozi juu yake ndiyo bandeji bora. Likipasuka lenyewe, osha kwa maji na sabuni laini, paka Vaseline safi kidogo, funika kwa shashi isiyonata. Gaga likija liache lidondoke lenyewe. Kulibandua ndiko kunakoleta makovu. Siku chache za mwanzo usiende mazoezi, usibanane kwenye mwendokasi na bega bichi, na Coco Beach iangalie kwa mbali mpaka pafunge, maji ya bahari na kidonda havipatani. Mabinti, msio, liwa na manjano vikae kabatini. Asali pia. Najua bibi alisema, lakini si kwenye jeraha la leza.

Pakishapona, kinga na jua mpaka awamu inayofuata. Shati la mikono mirefu linafanya kazi kuliko krimu unayoisahau. Ukitumia krimu iwe SPF 30 kwenda juu. Hii ya "sisi weusi hatuhitaji krimu ya jua" hapa haina kazi, ngozi iliyopigwa leza ikiota jua inakuwa na madoa. Ukiweza kuchagua, anza Juni, ile miezi ya baridi. Kuanza Januari na joto lile ni kujitafutia.

Uone daktari haraka ukipata homa, usaha, wekundu unaosambaa au maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu badala ya kupungua.

Na mvuta sigara ajue kwamba kwake itachukua muda mrefu zaidi, hilo limeshachunguzwa. Damu ikitembea vibaya wino haubebwi. Ndiyo sababu hiyohiyo tatuu za vidole na vifundo vya miguu zinachelewa kuliko za kifua na shingo.

Bwana Mdogo Sinza

Sawa dada, nimepoa. Sasa niambie awamu ngapi. Mimi yangu ni jina tu, mkono wa kushoto, alinichora rafiki yangu kwa sindano na wino wa peni. Mweusi wote.

DadaWaMiwani

Wewe una bahati. Tatuu za mtaani huwa na wino mchache, rangi moja, kwa hiyo huondoka kwa awamu chache kuliko za studio. Studio yenye wino uliojaa inaweza kwenda awamu kumi na zaidi, na iliyochorwa juu ya nyingine ongeza. Mwaka 2009 madaktari wa Marekani, Kirby na Desai, walitoa kipimo cha kukadiria: aina ya ngozi, mahali ilipo, rangi, wingi wa wino, makovu, na kama imefunika nyingine. Kila kimoja kinapewa alama, zinajumlishwa, unapata makisio ya awamu. Wewe utapata alama nyingi kwenye ngozi na kwenye mkono ikiwa ni chini karibu na kiganja, chache kwingine kote. Tahadhari moja tu: mchoraji asiye na mazoezi anazamisha sindano kina tofauti tofauti, huku juu, huku chini sana. Herufi mbili zinaweza kuondoka mapema na ya tatu ikakusumbua.

Bei inahesabiwa kwa ukubwa na kwa kila awamu. Kwa hiyo ukiambiwa bei, usiulize "ni shilingi ngapi", uliza ya awamu moja kisha izidishe mwenyewe. Anayekuuzia kifurushi cha awamu zote kwa kulipa mapema, akiwa hajakuangalia ngozi wala kufanya jaribio, mkwepe. Bima usiitegemee, huu unahesabiwa urembo. Na daktari anayesimamia, jina lake liko kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Si aibu kuangalia.

Ustadhi_mpole

Mimi nilitaka kutoa kwa sababu za dini. Nikamuuliza shehe wangu, akaniambia kama kuitoa kutanidhuru basi toba inatosha, kama haidhuru niitoe. Kwa maelezo ya dada nitaanza na jaribio dogo, madhara nitayaona hapo.

DadaWaMiwani

Hapo sina cha kuongeza.

Bwana Mdogo Sinza

Dada nimepata mahali wana 1064, nimeuliza, hawakuzungukazunguka. Jaribio ni Jumanne asubuhi. Nije vipi?

DadaWaMiwani

Nyoa hapo mahali siku moja kabla, kwa uangalifu usijikate. Nywele zikibaki zinaungua na zinanuka. Usipake losheni, mafuta wala pafyumu asubuhi hiyo. Kula, wengi wanazimia kwa njaa na woga, si kwa leza. Vaa mikono mifupi ya kuingilia, na mikono mirefu iwe kwenye begi ya kutokea. Wapige picha kabla hawajaanza, na wewe piga ya kwako kwenye simu, mwanga uleule, maana mabadiliko ni ya polepole na baada ya miezi miwili utaapa hakuna kilichotokea. Mkianza, kila mtu chumbani awe na miwani, hata shemeji aliyekusindikiza. Na kama wiki hiyo unajisikia homa, pigia simu usogeze tarehe.

Bwana Mdogo Sinza

Sawa. Shemeji nitamwacha nje, jina lililoandikwa si la dada yake.